Kahawa ya Mafigani

Historia za kahawa zilizoandikwa ni nyingi, na aghalabu ni historia za mashamba, bandari na bei. Mwandishi hueleza mbuni ulitoka wapi, nani aliupanda, nani aliununua mzao wake, na faida iliingia katika mkoba wa nani. Hayo ni mambo makubwa, wala sina nia ya kuyadharau. Lakini kati ya shamba na kinywa pana mahali padogo ambapo historia hupapita mbio, kama msafiri apitavyo kijiji asicho na ndugu. Mahali hapo ni mafigani. Buni haina harufu ya kahawa mpaka ipate moto. Na ikiisha kukaangwa na kusagwa, haiwi kinywaji mpaka ipate maji ya moto. Basi mtu aliyeshika chombo juu ya moto ndiye anayeifanya kahawa kuwa kahawa. Insha hii inamhusu mtu huyo, nyumbani kwake na kambini kwake. Tena inawahusu wale ambao kwa muda mrefu waliikuza kahawa bila ya kuipika.

Fikira hizi zilinijia juu ya Mlima Kilimanjaro, katika kambi ya Horombo, iliyo mita 3,720 juu ya bahari. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na baridi ilikuwa imeanza kupenya nguo. Nilikuwa nimechukua mfuko mdogo wa kahawa iliyosagwa Moshi. Mpishi wetu aliniazima jiko lake la gesi na sufuria. Nikachemsha maji, nikaipua, nikatia kahawa, nikafunika. Kijana mmoja katika wapagazi wetu, mwenyeji wa Marangu, alisimama karibu akitazama. Nilipommiminia kikombe alikinusa kwanza, kisha akanywa kidogo kidogo, akanyamaza. Nilimwuliza kama kahawa ilikuwa mbaya.

"Sivyo, Mwalimu," alijibu. "Nimechuma kahawa tangu nina miaka sita. Nimeimenya, nimeianika, nimeipeleka chamani kwa kichwa. Leo ndiyo mara ya kwanza kuijua ladha yake."

Mibuni ya baba yake ilikuwa chini yetu, mwendo wa siku mbili kwa mtu apandaye. Nyumbani kwao walikunywa chai. Neno lake lilinifuata mpaka kileleni, likarudi nami mpaka chini, na tangu siku ile nimekuwa nikiuliza: ilikuwaje mtu akawa mgeni wa kitu alichokilea mwenyewe? Jibu, kwa kadiri nilivyoweza kulipata, limo katika historia ya chombo na moto.

Asili ya mbuni ule uitwao arabika ni misitu ya nyanda za juu kusini-magharibi mwa Ethiopia. Wenyeji wa nchi ile huipika kahawa katika chungu cha udongo chenye shingo ndefu na mkono, kiitwacho jebena. Mama wa nyumba huosha buni mbichi, huzikaanga mbele ya wageni, huwapitishia moshi wake waunuse, kisha huzitwanga na kuzitia katika jebena iliyo juu ya makaa. Hunywesha mara tatu kwa unga ule ule: ya kwanza huitwa abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Kila mara kahawa huwa nyepesi kuliko ile iliyotangulia, na mazungumzo huwa mazito zaidi. Mgeni aondokaye kabla ya baraka huhesabiwa kuwa amekata maneno katikati. Jambo moja katika desturi hii tulishike, kwa kuwa tutalihitaji mbele: mpanzi, mkaangaji na mnywaji hukaa chini ya paa moja. Hata leo yapata nusu ya kahawa ya Ethiopia hunywewa ndani ya nchi, nayo ni moja katika nchi ziuzazo kahawa nyingi nje kuliko zote za Afrika.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika Yemen, kahawa ilipata kazi nyingine. Katika karne ya 15 masufi wa huko waliinywa ili wasilale katika ibada za usiku. Kutoka kwao ilienea mpaka Makka na Kairo, na mwandishi al-Jaziri, aliyetunga kitabu juu ya uhalali wa kahawa katika karne ya 16, ametuhifadhia habari za wanafunzi wa Kiyemeni waliokaa karibu na msikiti wa al-Azhar. Usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa waliweka kahawa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao aliichota kwa kata ndogo, akaipitisha kuanzia mkono wa kulia, huku wakisoma uradi wao. Chombo kimoja, kata moja, duara moja: hivyo ndivyo kahawa ilivyonywewa kabla ya kuwa na duka wala bei ya soko la dunia.

Duara lile ndilo lililowatia watawala wasiwasi. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, msimamizi wa masoko wa Makka, aliwakuta watu usiku karibu na msikiti wakinywa kahawa kwa mwanga wa taa. Kesho yake aliwakusanya wanachuoni na matabibu, akapata fatwa, akaamuru kahawa ichomwe hadharani. Hukumu ile haikudumu. Jibu lilipotoka Kairo, kwa Sultani wa Mamluki, lilikataza mikusanyiko yenye maovu, lakini halikuharimisha kinywaji chenyewe. Mfano huu wafaa kukumbukwa. Buni ilikuwa haijabadilika toka shambani mpaka Makka. Kilichobadilika ni kwamba ilipata chombo, na chombo kilipata watu wa kukizunguka. Anayewapa watu mahali pa kukaa na jambo la kungojea hawapi kinywaji tu, huwapa na nafasi ya kusema.

Kutoka mijini kahawa ilirudi nyikani, na hapo ndipo tunapoiona kwanza kama kinywaji cha kambi. Mabedui wa Bara Arabu waliipika katika hema, juu ya moto uliochimbiwa katika mchanga, kwa birika la shaba lenye mdomo mrefu liitwalo dalla. Buni zilikaangwa kwa kikaango chenye mkono mrefu, zikatwangwa katika kinu, zikatiwa iliki. Mlio wa kinu ulikuwa mwaliko: aliyeusikia, hata kama ni mpita njia, alijua kuwa hema lile lina moto na lina nafasi. Desturi hiyo imeheshimiwa hata katika zama zetu. Sura ya dalla imechorwa katika sarafu ya dirham moja ya Falme za Kiarabu, na mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la nchi nne, mojawapo Oman.

Tukitaja Oman na Yemen tumekwisha karibia nyumbani. Upepo wa kaskazi ulioleta majahazi katika pwani yetu ulileta pia desturi ya kahawa. Katika Zanzibar, Mombasa na Lamu wauzaji wa kahawa walikuwa mara nyingi Washihiri, watu wa Hadhramaut, nao waliwafundisha wengine kazi ile. Chombo chao ni dele: birika refu la shaba au bati, lenye mdomo mwembamba, na chini yake kijiko cha makaa kinachochukuliwa pamoja nalo. Kwa mkono mmoja mwuzaji hubeba dele na moto wake; kwa mkono wa pili hubeba vikombe, akivigonganisha ili mlio wake umtangulie njiani. Kila mwenye kukaa barazani huujua mlio ule kama ajuavyo sauti ya jirani. Kahawa yenyewe ni chungu, haitiwi maziwa, mara nyingi ina tangawizi au iliki, na uchungu wake hutulizwa kwa kipande cha kashata.

Ningependa msomaji alitazame dele kwa jicho la mwanahistoria. Ni jiko la nyumbani lililojifunza kutembea. Halingoji mtu arudi kwake, bali humfuata alipo, gatini, sokoni, kwenye bao na kwenye matanga. Mtu wa pwani hakuhitaji kujua kupika kahawa, kwa kuwa moto wa kahawa ulimjia mwenyewe. Hiyo ilikuwa neema, lakini ilikuwa na mpaka wake: kazi ya kukaanga na kupika ilibaki mikononi mwa wachache. Dele lilipofuata njia za misafara kwenda bara liliwafuata wafanyabiashara wa pwani na kukaa katika miji yao. Halikuingia katika kila nyumba.

Isidhaniwe kuwa bara hapakuwa na kahawa. Katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, kwa Wahaya na jirani zao, mbuni wa namna nyingine, ule wa robusta, ulikuwako kabla ya mgeni yeyote kufika. Wenyeji hawakuunywa mzao wake, bali waliutafuna. Matunda yalichumwa yangali mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, yakawekwa kwa ajili ya wageni na safari. Aliyekwenda mbali alikwenda nayo mkobani. Haikutaka maji, kuni wala chombo. Hiyo pia ni kahawa ya kambi, na pengine ndiyo nyepesi kuchukuliwa kuliko zote. Tena ilikuwa kahawa ya ahadi. Kwa kuwa tunda moja lina punje mbili zilizokumbatiana, watu wawili waliochanjiana udugu waligawana punje hizo zikiwa na damu yao, kila mmoja akameza ya mwenziwe. Kupanda mibuni kulikuwa chini ya amri ya wafalme, na kumpa mtu kahawa kulikuwa kumpa heshima.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, katika nchi hiyo ya kahawa ya kutafuna. Mwaka huo huo, mbali sana, Wamarekani walianza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika kambi zao kahawa ilipata sura nyingine ambayo haifai kuachwa. Serikali ya Kaskazini iliwapa askari wake kahawa kama sehemu ya posho: kwa kila posho 100, ratili 10 za buni mbichi au ratili 8 za kahawa iliyokaangwa na kusagwa. Askari alizikaanga buni katika kikaango chochote, akazisaga kwa tako la bunduki juu ya jiwe, akachemsha katika kopo tupu alilolitia mkono wa waya. Ili mashapo yatue alinyunyiza maji baridi kidogo. Wasafiri wa nyika za Marekani waliirithi njia hiyo, na wapiga kambi wa leo wangali wakiifuata. Kusini bandari zilifungwa, na watu wake walikaanga shayiri, mizizi na viazi vitamu wakitafuta kitu cha kufanana na kahawa, wasikipate.

Lakini katika kopo lile palikuwa na neno zito. Kahawa nyingi ya Marekani wakati ule ilitoka Brazili, na katika Brazili utumwa haukukomeshwa mpaka mwaka 1888. Kwa hiyo askari aliyepigana vita vilivyoukomesha utumwa katika nchi yake alijitia joto asubuhi kwa jasho la watumwa wa nchi nyingine. Simlaumu, huenda hakujua, na baridi haimwulizi mtu. Nasema tu kwamba umbali kati ya moto wa mnywaji na shamba la mpanzi ulikuwa umekwisha kuwa mrefu kiasi cha mmoja kutomwona mwenziwe. Katika Ethiopia walikaa chini ya paa moja. Sasa palikuwa na bahari kati yao.

Umbali huo ndio uliotufikia sisi. Mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walileta mbegu za arabika toka kisiwa cha Réunion mpaka Bagamoyo, na katika miaka ya 1890 mibuni ilipandwa katika misheni ya Kilema, upande wa Kilimanjaro. Wachagga waliiona, wakaipanda kati ya migomba yao, ikastawi. Ilipofika enzi ya Waingereza kulikuwa na masetla waliotaka Waafrika wakatazwe kilimo kile. Wachagga walijibu kwa kujiunga: mwaka 1925 waliunda chama cha wapanzi, KNPA, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Katika Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Huko Waafrika walizuiliwa kupanda kahawa kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1930 walipoanza kuruhusiwa wachache katika sehemu za Kisii, Embu na Meru.

Kahawa hii mpya haikuja na chombo chake, nayo ndiyo nukta ninayotaka kuisimamisha. Mbegu zilikuja, majembe yalikuja, sheria za kupogoa na kupiga dawa zilikuja, mizani na magunia yalikuja. Jebena haikuja, wala dalla, wala dele. Mkulima alifundishwa kila kazi mpaka ile ya mwisho kabla ya moto. Hapo alipokea fedha na kurudi nyumbani. Katika Buhaya kahawa iliyokuwa ya heshima ikawa ya gunia. Katika Kilimanjaro mzee aliendelea kumkaribisha mgeni kwa mbege, na kahawa ikawa jina jingine la karo ya shule, bati la nyumba na kodi ya kichwa.

Mwaka 1933 unaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Katika mwaka huo chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichukua mahali pa KNPA, ili kahawa ya wakulima wadogo iuzwe kwa sauti moja. Katika mwaka huo huo, huko Crusinallo, kaskazini mwa Italia, mfua alumini aitwaye Alfonso Bialetti alianza kutengeneza birika dogo la pembe nane. Mpaka hapo Mwitalia aliyetaka kahawa nzito ya mashine aliifuata katika mkahawa. Birika la Bialetti liliileta juu ya jiko la nyumbani. Lina vyumba viwili, na kati yake kikombe chenye matundu cha kutilia unga. Maji hutiwa chini. Moto ukiyapasha, hewa na mvuke uliofungiwa juu yake hutanuka na kuyasukuma yapande katika mrija, yapenye unga, yatokee juu yakiwa kahawa. Mpishi akisikia linakoroma huliondoa motoni, maana mvuke wa mwisho huunguza ladha.

Aliliita Moka, kwa jina la Mukha, bandari ya Yemen iliyokuwa mlango wa kahawa ya kale. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1935, majeshi ya nchi yake yaliivamia Ethiopia. Hivyo chombo kilichoitwa kwa jina la mlango kilikuwa juu ya meko wakati nyumba yenyewe ilipokuwa ikibomolewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mwanawe, Renato, alilitangaza birika lile kwa bidii hata likaingia karibu kila nyumba ya Italia. Na alipofariki mwaka 2016, majivu yake yalitiwa katika birika kubwa la umbo hilo hilo, akazikwa nalo. Italia hailimi kahawa ya kutajika. Lakini mtu wake akisema habari za kahawa husikilizwa duniani kote, kwa kuwa amekaa nayo jikoni, ameiunguza, ameipatia, ameijua.

Sisi tulioilima tulikuwa na mashindano mengine. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walifanya ghasia kwa kukataa kulazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia ya KNCU peke yake. Mwaka huo huo wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni mpya za kilimo chake. Walipigania mizani, amri na bei, na walikuwa na haki ya kupigania. Ila hoja moja hawakuweza kuitoa: hawakuweza kusema, "Kahawa yetu ni nzuri, twajua kwa kuwa twainywa." Wakati huo chai ilikuwa ikiingia majumbani. Iliuzwa kwa vipakiti vidogo vya bei nafuu, haikutaka kukaangwa wala kusagwa, na katika sufuria moja ilikubali maziwa na sukari. Mwaka 1938 Waswisi walianza kuuza kahawa ya unga iyeyukayo, na katika miaka ya 1960 Bukoba ilipata kiwanda chake cha namna hiyo. Kopo la kahawa ya kuyeyusha ni rahisi nyumbani na jepesi safarini, wala silikatai. Lakini humwondolea mtu kazi ya mafigani yote, na pamoja na kazi humwondolea elimu yake.

Elimu hiyo ina thamani ya fedha. Kahawa ya mkulima ikitoka katika chama cha msingi hukobolewa, hupangwa kwa madaraja, kisha sampuli yake hupelekwa Moshi kwa waonja kahawa. Watu hawa ndio wasemao kama kahawa ina utamu, ukali, uvundo au ladha ya matunda yaliyochacha kwa kuvundikwa kupita kiasi. Na neno lao hutangulia mbele ya mnada. Nilipoeleweshwa namna yao ya kufanya kazi nilistaajabu kwa wepesi wake. Hawatumii birika la Italia wala chujio la karatasi. Huikaanga buni kidogo, huisaga, huitia katika kikombe, humimina maji ya moto, hungoja kama dakika 4, huvunja utando uliopanda juu, kisha huvuta kwa kijiko mpaka sauti isikike. Basi! Ni ile ile kahawa ya kambini. Kile kinachoamua thamani ya jasho la mwaka mzima hufanywa kwa moto, maji, kikombe na kijiko, vitu visivyokosekana katika nyumba yoyote ya mkulima.

Kwa sababu hiyo sioni haya kumaliza insha ya historia kwa maelezo ya mapishi. Mkulima atwae konzi chache za kahawa yake ya maganda iliyokauka vizuri, aitwange polepole kinuni ganda litoke, apepete kwa ungo. Aikaange katika chungu au kikaango juu ya moto wa wastani, akikoroga bila ya kupumzika, kwa maana buni iliyoachwa huungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Itageuka njano, kisha hudhurungi, kisha italia kama bisi. Ikiisha kulia kwa dakika moja au mbili aiipue, aimwage katika ungo, aipepee ipoe. Kesho yake aisage au aitwange, si laini kama unga wa ugali bali kama mchanga wa pwani. Kwa lita moja ya maji gramu 60 zatosha, yaani vijiko kumi hivi vya kulia chakula. Maji yachemke, yaipuliwe, yatulie kidogo. Ndipo atie kahawa, akoroge mara moja, afunike, angoje dakika 4 au 5. Mashapo yakikataa kutua, ayanyunyizie maji baridi kama askari wale wa Marekani.

Aliye kambini mlimani ana jambo moja zaidi la kujua. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, na kahawa hupenda maji ya digrii 90 hivi mpaka 96. Ndiyo maana mpishi wa pwani hungoja kidogo baada ya kuipua. Lakini kadiri mtu apandavyo, maji huchemka mapema. Horombo huchemka kwa digrii zipatazo 88, na Kibo, mita 4,720, kwa digrii zipatazo 84. Huko juu mpishi asingoje hata kidogo. Atie kahawa wakati maji yangali yakitokota, alifunike sufuria vizuri, alikinge na upepo, aongeze dakika mbili za kusubiri. Nilipoipika usiku ule sikulijua hilo, na kahawa yangu, nikiri, ilikuwa nyepesi. Yule kijana wa Marangu aliisifu hivyo hivyo. Na mimi huwaza kwamba angeipata iliyopikwa sawasawa, kutoka mibuni ya baba yake, angesema neno kubwa zaidi.

Tuliona mwanzoni kwamba katika nyumba ya Kihabeshi mpanzi na mnywaji ni mmoja, na kwamba msimamizi wa Makka aliogopa duara la watu waliozunguka chombo zaidi ya alivyoiogopa buni. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Watu waketio kuizunguka kahawa yao huijua, na wakiijua huwa na la kusema juu yake. Sidai kwamba sufuria moja mafigani itaibadili bei ya dunia. Bei ina mizizi mirefu kuliko hiyo. Nadai kwamba mwenye mali asiyeionja mali yake huishi kwa ulimi wa mwingine. Ukiambiwa kahawa yako ni duni, nawe hujapata kuinywa, utajibu nini? Huna budi kuinamisha kichwa na kupokea. Lakini aliyeipika jana usiku, akamnywesha jirani, wakashindana kwa maneno kama mwaka huu imepita ya mwaka jana au haikupita, huyo huingia chamani akiwa shahidi.

Mzee mmoja wa Kilema, nilipomweleza haya, alicheka akasema kwamba mafiga matatu yako, kuni ziko, na buni ziko. Kilichokosekana ni mtu wa kuzikutanisha. Aliniambia nirudi baada ya msimu. Nilirudi. Alikuwa amekaanga nyeusi mno, ameitwanga ngumu mno, na ameipika ndefu mno. Na mbele yake walikuwa wameketi jirani wanne, kila mmoja akimweleza ni wapi alipokosea.